Kama siku zangu ziliandikwa kabla sijazaliwa, mimi huchagua nini?

#1 Mwana wa Nyando
Hamjambo wadau. Nauliza kwa uzito, na naomba msinirushie mistari tu mkapita.

Jumamosi tulizika binamu yangu huko Ugenya. Kijana wa boda. Lori lilikuwa likipita gari jingine kwenye kona usiku, barabara ya Kisumu–Busia, likamkuta upande wake. Mhubiri akafungua Zaburi 139:16, "siku zilizoamriwa kabla hazijawa bado", akasema siku ya kijana ilikuwa imeandikwa; hata angebaki nyumbani angefia kitandani. Tukaitikia amina. Mamake alitulia kidogo, hilo nililiona kwa macho yangu. Lakini baba mdogo, ambaye ndiye anayefuatilia kesi, alinivuta kando akaniuliza: kama iliandikwa, dereva tunamshtaki kwa kosa gani?

Tangu hapo swali limezaa lingine. Mimi nilibatizwa Anglikana nikiwa mchanga, nikapata kipaimara nikiwa shuleni. Mwenzangu kazini anatoka Garissa, ni Mwislamu, anaswali kwa wakati na hadanganyi mtu. Ningezaliwa kwao ningekuwa yeye. Nikisema nimemchagua Yesu, aliyechagua ni nani hasa? Ukiniondolea ukoo, jina, lugha, dini ya mama, hata hasira niliyorithi kwa baba, kinabaki nini cha kuitwa mimi?

#2 Kijana wa Kondele
Pole sana kwa msiba. Hiyo ya "hata angebaki nyumbani angefia kitandani" nimeisikia matanga mengi na sijawahi kuona mstari wake. Zaburi haisemi hivyo.

#3 Baba Vihiga
Pole, mwanangu. Kazi ya Mungu haina makosa. Soma Ayubu 14:5, siku za mtu zimeamriwa na hesabu ya miezi yake iko kwa Mungu, amemwekea mipaka asiweze kuipita. Nimezika ndugu, nimezika mke. Bila hilo neno ningekuwa nimerukwa na akili. Hamna haja ya kulipasuapasua.

#4 Mwalimu wa Lugari
Mwana wa Nyando, swali lako la kwanza ni la zamani kuliko makanisa yetu yote. Fundisho kwamba Mungu aliamua kila kitu kabla, pamoja na nani ataokoka na nani atapotea, lilianzishwa na John Calvin kule Geneva. Ndiye aliyeandika zile nguzo tano za fundisho hilo. Wamethodisti wakalikataa kupitia John Wesley, na Wakatoliki wao hawana kabisa habari ya kuchaguliwa tangu asili. Kwa hivyo inategemea mhubiri wenu alisomea wapi.

#5 Mkatekista wa Busia
Mwalimu, hapo rekebisha matatu.

Kwanza, Calvin hakuanzisha. Agostino wa Hippo, aliyefariki mwaka 430, alilipigania hilo zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, akimpinga Pelagio aliyefundisha kwamba mtu anaweza kutenda mema kwa nguvu zake mwenyewe. Pili, zile hoja tano hazikuandikwa na Calvin, alikufa 1564. Zilitoka katika Sinodi ya Dort, mkutano wa makanisa ya Wakalvini huko Uholanzi, 1618 hadi 1619, zikiwajibu wafuasi wa Arminius, mwanateolojia aliyelipinga fundisho hilo, waliokuwa wametoa hoja zao tano mwaka 1610. Tatu, sisi Wakatoliki tunalo fundisho hilo, kwa sababu liko kwa Paulo, Warumi 8 na Waefeso 1, na hatuwezi kung'oa kurasa. Tunachokataa ni kusema Mungu aliwaumba wengine ili wapotee. Na Mtaguso wa Trento, 1547, ulikataa pia kwamba hiari ya mtu ilizimika kabisa baada ya Adamu. Neema hutangulia, nasi tunaikubali au tunaikataa.

#6 Mwalimu wa Lugari
Asante kwa tarehe. Hoja yangu inasimama hata hivyo: kila kanisa lina mhubiri wake wa mazishi, na wote huhubiri kama Wakalvini siku hiyo, hata wale ambao Jumapili wanasema "amua leo, kesho si yako". Nimehudhuria mazishi ya Waadventista, ya Wapentekoste, ya Legio Maria. Ni neno moja tu: siku yake ilikuwa imefika.

#7 Dereva wa Salgaa
Nimesoma mpaka hapa nikaona niseme, kwa sababu mimi ni huyo dereva. Si yule wa Ugenya. Lakini nimeendesha malori Mombasa hadi Malaba kwa miaka mingi na nimeona vifo vingi vya barabara ambavyo baadaye viliwekwa kwa Mungu.

Ukitoka Mau Summit unashuka Migaa, Sachangwan, mpaka Salgaa. Mteremko mrefu, unaokudanganya kwa sababu hauonekani mkali. Wengi wetu tulikuwa tunatoa gia juu pale, lori liteleze lenyewe, ili tuokoe dizeli, na dizeli hiyo iuzwe Salgaa. Sasa gari halina injini ya kulizuia, limebaki na breki peke yake, na limebeba tani za mizigo ya watu. Unashika, unaachia, unashika. Kwanza unaanza kunusa kitu kama mpira unaoungua. Halafu unakanyaga na gari halisikii. Ukifika hapo huna uamuzi wowote uliobaki isipokuwa utagonga nini. Uamuzi ulikuwa juu kule, mkono ulipokuwa kwenye gia.

Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan, watu wakaja kuchota, moto ukalipuka, zaidi ya watu 100 wakafa. Alfajiri ya 31 Desemba 2017 basi na lori viligongana Migaa, zaidi ya 30 wakafa. Kila mara nilisikia "siku yao". Baada ya ile ya 2017 barabara ikatenganishwa, wanaopanda kwao na wanaoshuka kwao, na ukuta katikati. Kugongana uso kwa uso pale kukapungua.

Mimi ni mkristo, naomba kabla ya kuwasha gari. Ila nikisikia kwamba iliandikwa, najua kuna dereva mahali anashusha pumzi.

#8 Nyar Gem
Dereva, Mungu akubariki kwa ukweli huo. Sasa niwaulize wenye Ayubu 14: wale ambao wangegongana Migaa 2018, siku zao zilifutwa na saruji?

#9 Baba Vihiga
Nyar Gem, hata ukuta Mungu ndiye aliyetaka ujengwe.

#10 Nyar Gem
Basi na kuchelewa kuujenga kulitoka kwake? Si kwa waliokuwa ofisini miaka yote hiyo? Baba, nakuheshimu, wala sichezi na huzuni yako. Nasema tu mkipeleka kila kitu juu, huku chini hakuna anayeulizwa.

#11 Mzee wa Kanisa Nakuru
Mimi ni PCEA, yaani Mpresbiteri, wa mapokeo ya huyo Calvin, kwa hivyo nadhani mimi ndiye ninayetakiwa kujibu. Nisikilizeni kwa subira kidogo.

Tunaloungama sisi, Ungamo la Westminster la karne ya 17, sura ya 3, linasema Mungu aliamuru yote yatakayotokea. Halikuishia hapo. Linasema kwa kufanya hivyo Mungu si mwanzilishi wa dhambi, wala hakuilazimisha nia ya kiumbe, wala hakuondoa kazi ya sababu nyingine za kati. Kwa hivyo maneno ya "hata angebaki nyumbani" si mafundisho yetu. Hayo ni ya watu wanaoamini majaliwa yasiyo na njia: mwisho umewekwa, njia yoyote ile. Sisi tunasema Mungu huweka mwisho pamoja na njia.

Tazameni Matendo 27. Paulo yuko kwenye dhoruba. Malaika amemwambia hakuna hata mmoja atakayepotea. Neno la Mungu limetoka, halibadiliki. Bado mabaharia walipojaribu kutoroka na mashua, Paulo alimwambia akida: hawa wasipokaa ndani ya merikebu hamtaweza kuokoka. Ahadi ipo na kamba zikakatwa. Ukuta wa Sachangwan, breki, uamuzi wa Dereva juu ya mteremko, vyote ni njia, na mtu ataulizwa juu ya njia. Baba mdogo wa Ugenya na aendelee na kesi yake bila hofu ya kumpinga Mungu.

#12 Kijana wa Kondele
Mzee, hiyo ya Paulo sikuwa nimeiona hivyo. Lakini Yuda je? Mathayo 26:24, Mwana wa Adamu anakwenda zake kama alivyoandikiwa, halafu papo hapo ole wake anayemsaliti. Njia iliandikwa, mtu akaandikwa, na ole ni yake. Mimi ningekuwa Yuda ningekata rufaa.

#13 Mzee wa Kanisa Nakuru
Yuda alitaka fedha. Hakuna aliyemsukuma mkono. Alifanya alichokitaka, na Mungu akakitumia alichokikusudia. Ndivyo Yusufu alivyowaambia ndugu zake, Mwanzo 50:20.

#14 Kijana wa Kondele
Na kutaka kwake fedha kulitoka wapi?

#15 Binti wa Kaimosi
Nimekulia kwa Marafiki, Quakers, na watu hawajui kwamba sisi tulikuwa na ugomvi huu tangu mwanzo. Wamisionari walifika Kaimosi 1902, lakini mafundisho ni ya Uingereza ya karne ya 17, na Robert Barclay, mwanateolojia wetu wa wakati huo, aliandika waziwazi kupinga wazo kwamba Mungu aliwaacha wengine kabla ya kuzaliwa. Kwetu kila mtu anayekuja ulimwenguni ana nuru ya Kristo ndani, Yohana 1:9. Aliye Garissa anayo. Unaweza kuinyamazia au kuisikiliza.

Kwa hivyo, Mwana wa Nyando, mwenzako wa kazini hajaachwa nje kwa sababu ya ramani. Na wewe hujaingia ndani kwa sababu ya kipaimara. Nimekaa kwenye ibada ya kimya nikajua kabisa ninachotakiwa kufanya kesho yake, na kesho yake sikukifanya. Hapo sikuhitaji mwanafalsafa anieleze kama nina hiari.

#16 Mkatekista wa Busia
Ongeza Matendo 17:26-27 hapo. Paulo akiwa Athene anasema Mungu aliwawekea mataifa nyakati na mipaka ya makazi yao, ili wamtafute. Mahali pa kuzaliwa pamepangwa, kutafuta ni kwako.

#17 Wa Mumias
Salaam. Mimi ni Mwislamu, Mluhya, natoka Mumias ambako Uislamu uliingia na wafanyabiashara wa pwani tangu karne ya 19. Nimeona mwenzetu anamtaja rafiki wa Garissa nikataka kusema jambo moja. Boma letu ni moja. Nusu ya binamu zangu ni Wakatoliki, wengine wamehamia kwa Wapentekoste, mmoja alisilimu akiwa na mvi. Tumenyonya kwa kina mama walewale, tumekula sima ileile. Kama kuzaliwa ndiko kunakoamua yote, boma letu lingekuwa na dini moja.

Hata sisi tuna kadari, na wanazuoni wetu waligombana karne nyingi juu ya hilohilo. Karibuni kwenye foleni.

#18 Mwana wa Nyando
Wa Mumias, asante. Hilo limenigusa kuliko mahubiri. Ila huyo binamu aliyebadilika naye alikuwa na sababu zake, mke, rafiki, kitabu. Kila sababu ina yake nyuma.

#19 Mtumishi wa Bungoma
Mnazunguka sana na wazungu waliokufa zamani. Mambo ni rahisi. Kuna familia zimefungwa. Baba mlevi, mtoto mlevi, mjukuu mlevi. Mabinti wote hawaolewi. Watoto wanakufa mmoja baada ya mwingine. Kutoka 20:5, Mungu hupatiliza maovu ya baba hata kizazi cha tatu na cha nne. Hiyo ndiyo majaliwa mnayoyatafuta, ni laana ya ukoo, na inavunjwa kwa maombi na kufunga. Nimeyaona kwenye mikesha kwa macho yangu. Mtu anaingia amefungwa anatoka mzima.

#20 Nyar Gem
Mtumishi, soma na Ezekieli 18. Watu walikuwa na methali yao, baba wamekula zabibu kali na meno ya watoto yametiwa ganzi. Mungu akawaambia hamtaisema tena katika Israeli. Mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Sura nzima ni hiyo, na haitaji sadaka ya kuvunja chochote.

#21 Muuguzi wa Zamu
Naomba nafasi, kwa sababu Mtumishi amesema "watoto wanakufa mmoja baada ya mwingine" na mimi najua nyumba za namna hiyo kwa kazi.

Huku kanda ya ziwa selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ile wengi huita siko seli, ni nyingi. Ni nyingi kwa sababu malaria imekuwa nyingi. Mtu aliyerithi chembe ya ugonjwa huo kwa mzazi mmoja tu, tunamwita AS, haumwi nayo, na amekingwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana ilibaki kwenye damu zetu vizazi na vizazi. Shida ni AS akioana na AS. Kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuzaa mtoto SS, ambaye ni mgonjwa. Kila mimba, si kwamba mmoja akishaumwa watatu wanaofuata wamepona. Kuna nyumba watoto wanne wanazaliwa salama. Kuna nyumba wawili, watatu wanafuatana na ugonjwa.

Zamani hizo nyumba za pili zilisemwa vibaya. Zina jini, zina chira, yaani laana ya kuvunja mwiko, mama ameingiliwa na kitu. Watoto waliofuata waliitwa Owiti na Awiti, wakawekwa kando ya njia mtu mwingine "awaokote", ili kifo kisiwatambue. Wengine mnaosoma hapa mnalo jina hilo na hamkujua limepitia wapi. Leo mama analetwa wodini mtoto analia mifupa, na kabla ya kuja kwetu amepitishwa mikesha miwili mitatu ya kuvunja laana, na pesa ya dawa imeisha.

Siwapingi wanaoomba. Mimi mwenyewe naomba nikiwa zamu. Lakini hiyo si laana, wala Mungu hakumlenga mama yule. Ni urithi, na unapimika kwa damu kidogo tu kabla ya ndoa. Hapo kwenye kupima ndipo uchaguzi ulipo.

#22 Mtumishi wa Bungoma
Muuguzi, sijakataa hospitali. Natuma watu hospitali. Ila si kila kitu kinaonekana kwenye hadubini.

#23 Fundi Simu Kakamega
Muuguzi amemaliza. Ni chembe za urithi na ubongo. Ulevi nao una urithi ndani yake. Hakuna hiari, hakuna laana, ni kemia. Mtu anadhani anachagua, kumbe ubongo umeshaamua.

#24 Muuguzi wa Zamu
Fundi, usiniweke upande huo. Nimewaona ndugu wawili wa tumbo moja, baba mlevi mmoja, mmoja ameacha pombe na mwingine hajaacha. Damu inakupa uzito wa kubeba. Haikuambii utaubeba kuelekea wapi.

#25 Mama wa Nyalenda
Huwa nasoma tu, siandiki. Leo naandika.

Binti yangu ana SS. Ana miaka tisa. Anajua mkono wake upi una mshipa mzuri, anamwonyesha muuguzi kabla hajauliza, "hapa ndipo hauponyoki". Akiwa mzima anaruka kamba mpaka jirani analalamika. Mimi na mume wangu tulipima baada yake, sote AS.

Watu wananiambia, tena watu wazuri wa kanisa, ungepima kabla ungeolewa na mwingine. Ni kweli. Na nawaambia wasichana wote ninaowajua wapime. Lakini fikirini mnachoniambia. Ningeolewa na mwingine, binti yangu asingekuwa mzima. Asingekuwepo. Angekuwepo mtoto mwingine, wa mtu mwingine, mwenye sura nyingine, na huyu anayeniita mama asingeitwa na yeyote. Hakuna njia ambayo yeye angezaliwa bila damu hii.

Kwa hivyo mtu akiniuliza kama Mungu alipanga ugonjwa wake, sijui kujibu. Akiniuliza kama Mungu alimpanga yeye, nasema ndiyo, bila kusita, Yeremia 1:5. Na siwezi kuvitenganisha vitu hivyo viwili, na hilo ndilo linalonikesha. Mwana wa Nyando ameuliza ukimwondolea kila alichopewa kinabaki nini. Kwa mtoto wangu hakibaki kitu. Yeye ndiye alivyopewa.

#26 Nyar Gem
Dada, pole na hongera. Sina la kuongeza.

#27 Mzee wa Kanisa Nakuru
Mama, umesema vizuri kuliko mimi. Ninachoshikilia ni hicho: mtu ni yule ambaye Mungu alimjua kabla hajawa, si jumla ya maamuzi yake. Mtoto mchanga hana uamuzi hata mmoja na bado ni mtu kamili.

#28 Arap wa Molo
Kwetu Wakalenjin mtoto alipozaliwa akina nyanya waliita majina ya waliotangulia, moja moja, mpaka mtoto apige chafya. Jina alilochafya nalo ndilo la roho iliyorudi kumlinda. Mimi nilichafya kwa babu. Nyanya yangu, mpaka anafariki, alinihudumia chai kwanza kabla ya baba yangu, kwa sababu kwake mimi nilikuwa mzee wake. Nilikua watu wakiniambia nitakuwa mkali kama yeye, nitakuwa na ng'ombe kama yeye. Nikipigana shuleni wanacheka, "ndiye huyo".

Nilipookoka pasta aliniambia niliache jina hilo, ni la mizimu. Nikalikataa shauri lake. Si kwa sababu naamini mimi ni babu. Kwa sababu jina lilinipa mtu wa kumjua na wa kubishana naye. Babu alimfukuza shangazi yangu nyumbani. Mimi nilimrudisha, nikampimia shamba. Wazee wakasema babu ametubu. Semeni mnavyotaka, lakini uamuzi ule ulikuwa wangu, na nilijua ni wangu kwa sababu kila kitu ndani yangu kilikuwa kinavuta upande wa babu.

#29 Mwana wa Nyando
Arap, sisi Wajaluo nasi, mtoto akilia usiku hanyamazi, majina yanaitwa mpaka anyamaze. Mimi nilinyamaza kwa jina la mtu ambaye wanasema alikuwa mwoga wa maji. Na mimi ni mwoga wa maji. Niwe nimemrithi, au niwe nimekuwa mwoga kwa kuambiwa?

#30 Mwalimu wa Lugari
Hapo ongeza Yabesi, 1 Nyakati 4:9-10. Mamake alimpa jina la huzuni kwa uchungu wa kumzaa. Akaomba lisimpate alilotajiwa, na Mungu akamjalia. Kama jina ni hukumu, Yabesi hakuambiwa.

#31 Kijana wa Kondele
Naona mmezama. Swali dogo: kama kila kitu kimeandikwa, mkeka wangu wa jana ulichanika kwa amri ya nani? Timu moja tu.

#32 Dereva wa Salgaa
Kijana, Mithali 16:33 inasema kura hutupwa na hukumu zake zote ni za Bwana. Haisemi weka karo ya mtoto juu yake. Acha kamari, bwana.

#33 Binti wa Kaimosi
Na kama timu yenyewe ni Gor Mahia, hiyo haihitaji Mungu kueleza. Mimi ni Ingwe, AFC Leopards, damu.

#34 Kijana wa Kondele
Binti, turudi kwenye mada kabla sijasema kuhusu Ingwe 😂

#35 Mkatekista wa Busia
Turudi. Kuna kisa ambacho hakuna aliyekitaja, na kwangu ndicho kizito kuliko vyote: 1 Samweli 23. Daudi yuko Keila. Anamuuliza Bwana, je, Sauli atashuka? Atashuka. Je, watu wa Keila watanitia mkononi mwake? Watakutia. Daudi akaondoka na watu wake kama 600. Sauli aliposikia, hakushuka. Watu wa Keila hawakumtoa mtu.

Mungu alisema kweli, na aliyoyasema hayakutokea, kwa sababu yalikuwa habari ya kitakachotokea Daudi akibaki. Mjesuiti wa Hispania, Luis de Molina, mwaka 1588 alitoa kitabu chenye hoja hiyohiyo: Mungu hajui tu yatakayokuwa, anajua pia kila kiumbe huru angefanya nini katika kila hali, na kwa kujua hivyo anapanga dunia bila kumshika mtu mkono. Wadominiko walimpinga vikali, Roma ikasikiliza pande zote miaka mingi, na mwaka 1607 Papa Paulo V akafunga kikao bila kumhukumu yeyote.

Kwa hivyo, Mwana wa Nyando, binamu yako angebaki nyumbani, Mungu alijua ingekuwaje, na sioni kwa nini tuamini kwamba angefia kitandani.

#36 Mzee wa Kanisa Nakuru
Molina anakwepa. Kama Mungu alijua Daudi akibaki atatolewa, na alijua Daudi akiambiwa ataondoka, na akamwambia, basi nani aliyepanga aondoke?

#37 Binti wa Kaimosi
Kujua si kupanga. Panda ukingo wa Nandi siku isiyo na ukungu, tazama chini uwanda wa Kano. Unaona gari likitoka Ahero na jingine likitoka Awasi, unajua watapishana wapi kabla wao hawajaonana. Hujamsukuma yeyote. Mwanafalsafa Boethius aliandika namna hiyo karne ya 6 akiwa mfungwa anayengoja kuuawa: kwa Mungu hakuna jana na kesho, anaona yote kwa pamoja, kama leo.

#38 Nyar Gem
Lakini aliye juu ya Nandi hakuchonga barabara, hakuzaa madereva, wala hana sauti ya kuwafikia. Mungu anazo zote tatu. Ndiyo maana mama wa Nyalenda hakeshi kwa sababu Mungu anaona. Anakesha kwa sababu Mungu anaweza.

#39 Mama wa Nyalenda
Ndiyo. Hapo hapo.

#40 Baba Vihiga
Nimesoma usiku wote. Nyar Gem, sijabadilika, lakini nikuambie kwa nini. Mke wangu alipougua niliamua twende hospitali ya karibu badala ya ile ya mbali. Ningeamua vingine labda angeishi. Nikiikubali hiari yenu yote, huo uamuzi ni wangu peke yangu. Siwezi kuubeba. Nikisema Mungu alijua, naweza kulala.

#41 Dereva wa Salgaa
Baba, wewe uliamua kwa mapenzi ukiwa hujui. Mimi nilitoa gia nikijua. Kuna tofauti, na Mungu anaijua kuliko wote hapa. Wewe lala. Mimi ndiye wa kuulizwa.

#42 Mwana wa Nyando
Baba Vihiga, pole sana. Nimempigia baba mdogo simu, nikamsomea ya Paulo na merikebu. Kesi inaendelea.

Mzee wa Kanisa, nimekuelewa juu ya njia. Sasa nijibu lililobaki, bila kunizungusha. Wanaopotea. Nao waliandikwa?

#43 Mzee wa Kanisa Nakuru
Sitakuzungusha. Dort ilisema Mungu aliwachagua wengine kwa neema na wengine akawapita, akawaacha katika dhambi zao wenyewe. Warumi 9, mfinyanzi na udongo. Mimi naamini hivyo, na naamini kwa kutetemeka, kwa sababu nina mtoto ambaye hajaingia kanisani tangu alipomaliza chuo. Kila asubuhi namwombea. Ningekuwa naamini kwamba yote yako mikononi mwake yeye, ningemwomba yeye. Namwomba Mungu, kwa sababu ndiye anayeweza kuugeuza moyo.

#44 Mkatekista wa Busia
Mzee, 1 Timotheo 2:4, Mungu hutaka watu wote waokolewe. Wote. Ukisema amempita mtoto wako, hapo tunaachana.

#45 Mzee wa Kanisa Nakuru
Sijasema amempita. Nimesema namwombea.

#46 Nyar Gem
Lakini fundisho lako linaruhusu kwamba amempita, na wewe huwezi kujua. Jibu hilo, Mzee, nami pia nina mdogo wangu wa namna hiyo.